Aliyeanzia Kwenye Sebene

Mtu mmoja alikuwa na gitaa la umeme, na alikuwa na kaka. Gitaa alilipenda. Kaka yake alimzoea tu, kama tunavyowazoea watu wanaotusalimu kila asubuhi mpaka tunaacha kuitikia.

Jina lake Mihayo. Kaka yake, Ndaki, ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, baba akiwa ameshatangulia. Alimpikia uji, akamsomesha, akamfundisha hata kunyoa ndevu. Huyu Ndaki alipiga gitaa la kati katika bendi ya mji wao, mji wa bara wenye stesheni ya treni. Gitaa la kati ni gitaa lisiloshangiliwa na mtu. Halikimbii wala halilii. Linarudia namna tatu au nne za kubana nyuzi, toka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na mwimbaji anakanyaga juu yake. Watu hulisahau kabisa, lakini likikatika, hata mlevi huacha kucheza.

Katika bendi ile mgeni hakupewa solo. Kila aliyetaka kujifunza alisimamishwa kwanza ubavuni mwa mwimbaji na gitaa la kati, akaambiwa asitazame vidole vyake, atazame mdomo wa mwimbaji. Mwimbaji akivuta pumzi, naye avute. Mwimbaji akishikwa na uchungu katikati ya ubeti, naye apunguze mkono amngoje. Wengine walikaa hapo muda mrefu, wengine hawakutoka tena hapo, wala hawakuona aibu. Ndaki alikuwa mmoja wa hao.

Mihayo hakutaka habari hizo. Alichotaka ni kile wanachotaka wote wanaoanza: sebene, ule mwisho wa wimbo ambapo waimbaji wananyamaza, gitaa la solo linashika usukani, na watu wanaacha vinywaji mezani na kuingia uwanjani. Alitaka vidole vikimbie, tena vikimbie leo hii. "Kaka, kusindikiza ni kazi ya wenye subira," alisema, na Ndaki akacheka. Laiti asingecheka.

Basi akajifunzia chumbani. Alikuwa na nyimbo zote za bendi kwenye simu, na kila wimbo aliusogeza mbele kwa kidole mpaka maneno yaishe, ndipo alipoanza kusikiliza. Maneno ya wimbo yalikuwa kwake kama foleni, kitu cha kuvumilia kabla ya kuhudumiwa. Ndaki akirudi kazini aliketi na gitaa lake na kumpigia chini chini, apate pa kuegemea. Mihayo akaongeza sauti ya amplifaya. Siku moja akamwambia kaka yake waziwazi kwamba anamchelewesha. Ndaki akalirudisha gitaa kwenye mfuko, akatoka kwenda kukaa barazani na mkewe, Mama Limi. Hakuja tena kumpigia, na mdogo wake hakuuliza kwa nini.

Nisimdhulumu: Mihayo alifaulu. Vidole vilikimbia kweli. Bendi changa ya mjini ikamchukua, akawa anaitwa sebene inapofika, anapanda jukwaani, anapiga, watu wanambeba juujuu, anashuka. Jina likavuma mpaka stesheni za mbali. Kusimama ubavuni mwa mtu anayeimba hakuwahi hata siku moja.

Kisha Ndaki akapigwa na kiharusi. Upande wote wa kushoto ukafa, na mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi. Ulimi ukawa mzito, ila sauti haikuondoka yote. Mwanzoni alikula, akapokea wageni, akataniana nao kwa maneno mafupi. Halafu akakata tamaa, akaacha kula. Mama Limi alimbembeleza, majirani wakambembeleza, wapi. Mwishowe akataja jambo moja. Kulikuwa na wimbo alioutunga mwenyewe, wa pekee maishani mwake, ambao bendi iliwahi kuurekodi, yeye mwenyewe akiimba. Alitaka auimbe tena kwa kinywa chake mara moja, na apigiwe na mdogo wake. Si mtu mwingine.

Mama Limi akapiga simu. "Shemeji, njoo na gitaa," alisema. "Amesema akishaimba atakula."

Mihayo alikwenda mbio. Alimpenda kaka yake, hilo nalo lisemwe. Alifika na gitaa na amplifaya, majirani wakajazana mlangoni, Ndaki akainuliwa na kuegemezwa kwenye mito, uso wake umechangamka kama wa mtu anayekwenda arusini. Wimbo huo Mihayo aliujua, au ndivyo alivyodhani. Sebene yake aliipiga kila mwisho wa wiki, na ndiyo iliyompa jina. Ndaki akamwonyesha kwa kichwa kwamba yuko tayari. Mihayo akaviinamia vidole vyake, akaanza pale pale alipozoea kuanzia.

Ndaki akafungua mdomo aingie. Hapakuwa na pa kuingilia. Akaufunga, akangoja, akaufungua tena. Neno la kwanza likatoka limepinda na nyuzi zikalifunika. Mama Limi akamkemea shemeji yake apunguze. Sauti aliipunguza, lakini mwendo ulimshinda, kwa maana vidole vile vilifundishwa kukimbia tu. Akaambiwa basi aanze mwanzo wa wimbo, pale penye maneno. Hapo Mihayo akakwama, gitaa mapajani. Mwanzo hakuujua. Hakujua beti zilikuwa ngapi, wala zilizungumzia nini. Akabahatisha huku, akabahatisha kule, jasho linamtoka, na majirani wakaanza kutazama chini kwa ile aibu anayoiona mtu kwa niaba ya mwenzake.

Ndaki alimtazama mdogo wake. Kisha akasema, kwa ule ulimi wake mzito, "Mihayo, sasa mimi niimbe wapi?"

Akaomba alazwe, akageuzia uso ukutani. Chakula kililetwa kikarudi kilivyokuja, na kesho yake vivyo hivyo, na wiki haikuisha wakamzika.

Matanga yalipoanuliwa na watu kutawanyika, Mihayo aliketi peke yake chumbani, akauweka ule wimbo kwenye simu, na kwa mara ya kwanza akauacha uanze unapoanzia. Kaka yake akaimba. Ilikuwa sauti nzima, ya mtu mwenye afya, haina haraka. Aliimba habari za mama aliyewaacha, na za mtoto mchanga aliyetafuta ziwa kwenye kifua cha kaka yake, akalikosa, akalala hapo hapo. Akamtaja mtoto huyo kwa jina. Akasema, Mihayo, nimekubeba bila kuhesabu, nami siku nikichoka nitakuita, uje uniegemeze. Hivyo ndivyo ulivyokuwa wimbo ule. Mji mzima uliujua. Wauza mboga sokoni waliuimba. Yeye peke yake, aliyetungiwa, hakuwahi kuusikiliza, na kwa miaka yote hiyo ulikuwa mfukoni mwake.

Alichukua gitaa, akatafuta zile namna chache za kubana nyuzi ambazo kaka yake alizipiga maisha yake yote. Si ngumu. Mtu wa kawaida huzipata kwa muda mfupi, na Mihayo alizipata upesi kuliko wengi. Akaanza kupiga chini ya sauti ya Ndaki, akijaribu kumwegemeza. Lakini sauti iliyorekodiwa haimngoji mtu. Alipochelewa, ilimwacha. Alipoinama akilia, ilizidi kwenda mbele na maneno yake, mpaka maneno yakaisha. Sebene ikaingia kwa kishindo, ile ile iliyompa sifa, naye akaiacha ipite bila kuigusa. Nasikia mpaka leo anajaribu. Anapiga vizuri, hakosei, na hakuna anayeimba juu yake.

Basi wewe unayesikia haya, yuko nani nyumbani kwako ambaye bado yu hai, na hujui anaimba nini?