Cheti cha Pimbi Kisimani

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Mmekaa?"
"Kitako!"
Basi mniwie radhi mapema, kisa hiki nitakiharibu. Kichwani kimenyooka, kikifika mdomoni kinachechemea.

Hapo kale, kiangazi kilikausha visima vyote kikabakiza kimoja. Mlangoni pake alikaa Fisi na mtambo wa kusomea vyeti. Kila mnyama alikuwa na cheti cha kidijitali chenye jina lake. Mtambo ulisoma, ti-ti-ti, ukataja jina. Mwenye jina akichota, Fisi alikunywa nusu. Isipokuwa Simba. Jina la mfalme lilikuwa mwiko kuandikwa, hivyo kwenye cheti chake pa jina palikuwa patupu. Mtambo ukikuta patupu, mlango wazi, Fisi kifudifudi.

Pimbi, mdogo kuliko kibuyu chake, alikuwa na watoto watatu, ndimi zimewakauka. Akaenda asubuhi: ti-ti-ti, "Pimbi!" Fisi akanywa nusu. Akaenda mchana: ti-ti-ti, "Pimbi!" Fisi akanywa nusu.
"Mzee Fisi, wanangu wanakufa kiu!"
"Wape pole, bwana mdogo. Tena pole nzima, hiyo siikati nusu."

Pimbi mbio kwa Kobe, mtoa vyeti.
"Babu, lazima jina liwe la herufi?"
"Sheria yasema jina tu, mjukuu wangu. Weka picha, weka sauti, shauri yako."
"Niwekee sauti." Akapiga yowe: kwiiii! Kobe akagonga mhuri.

Jioni Pimbi huyoo kisimani. Ti... ti... krrr! Mtambo ulijua herufi tu. Badala ya kusema "sielewi," ukaacha patupu. Mlango wazi, Fisi kifudifudi!
"Mfalme wangu, mbona umekonda hivi?"
"Kiu tu. Nibebee kibuyu."
Watoto wakanywa hadi matumbo yakalia bwaku-bwaku.

Kesho yake Bata akaja na picha ya unyayo: krrr, kifudifudi! Nungunungu akaja na mlio wa miiba: krrr, kifudifudi! Alasiri akafika Simba mwenyewe. Fisi, kiuno kinamuuma, hata kichwa hakuinua.
"Wewe Simba wa arobaini leo. Panga foleni!"
Puu! Kwa teke lile, Fisi mpaka leo anatembea nyuma kumeinama.

Kisa kimeshiba maji, kimelala. Funzo: jazeni vyeti kwa herufi safi, na mkubwa akiwanywea nusu, mshukuruni kwa iliyobaki.

Mnauliza fundi wa mtambo ule ni nani? Msinitolee macho. Fisi alinipa nusu ya ujira, nami nikamuundia nusu ya mtambo.