Kidari cha Aliyewafikisha

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema, bali hii ya juzi ambayo magari yalishaanza kuvuta pumzi kwa tabo, alikuwapo kijana mmoja mlimani, kwenye migomba. Jina lake Elinami. Alikuwa na gari moja na mchumba mmoja. Gari lilikuwa lake. Mchumba, Haikaeli, alikuwa bado wa baba yake.

Gari lenyewe lilikuwa na tabo, ile feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili iisukumie injini hewa zaidi. Lilikuwa vilevile kama lilivyotoka kiwandani. Hakuna aliyeliongezea kitu wala kulipunguzia kitu.

Sasa, katika ukoo wa Mzee Kilawe, baba yake Haikaeli, posa ina sheria zake. Mchumba huleta mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, na huileta mwenyewe, kwa chombo chake mwenyewe. Zamani walibeba kichwani. Mwenye punda akaleta kwa punda wake. Mwenye gari alete kwa gari lake, na gari la kuazima haliingii uani. Tena mbege ifike kabla ya jua la utosi, ikiwa hai, povu bado linapanda. Ikichelewa inageuka siki. Na wazee wa ukoo ule husema hivi: mbege ikirudishwa mara moja ni bahati mbaya, ikirudishwa mara mbili ni jibu.

Elinami alikuwa amesharudishwa mara moja.

Safari ile ya kwanza gari lilibeba watu, ndizi, magimbi na pipa la mbege. Lilipofika mlima wa Kishingo likaanza kuhema. Mshale wa joto ukapanda. Wakasimama lipoe, wakapanda, wakasimama tena. Walipoingia uani kwa Mzee Kilawe, jua lilikuwa limeshawapita. Mzee akachota kata moja, akaonja, akaitazama kata, akamtazama Elinami.

"Kijana," akasema, "hii inafaa kwa kachumbari. Uje tena mvua za vuli zikipungua. Uje mara moja tu."

Elinami akarudi nyumbani na pipa lake. Akajua gari lile lazima liboreshwe, na akajua uwezo wake ni wa kuongeza kitu kimoja. Kitu gani? Hapo akafanya kosa ambalo mtu wa kwao hajui kulikwepa. Aliuliza ukoo.

Wa kwanza kuja alikuwa binamu yake, Lekule, fundi wa magari, mtu ambaye husikika kabla hajaonekana. Akafungua boneti, akacheka.

"Binamu, gari lako halichoki. Limefungwa kamba. Huko kiwandani wameficha nguvu kwenye kompyuta, na bomba la ekzosi wameliziba kama wanaogopa mtu ataamka. Gari bila nguvu ni kiti. Unataka kuposa ukiwa umekaa kwenye kiti?"

"Sitaki," akasema Elinami.

"Basi ndiyo?"

"Ndiyo."

Lekule akafunga bomba pana alilokuja nalo, akaifundisha kompyuta kuiruhusu tabo isukume zaidi. Alipowasha, kuku wa jirani walihamia kwa jirani wa pili.

Wa pili kuja alikuwa dada yake Elinami, Anasia, dereva wa lori la mbao. Yeye hakufungua boneti. Alipiga magoti, akachungulia matairi, akasimama akijipangusa.

"Mmemwongezea ng'ombe mbio. Kamba yake iko wapi?"

"Dada, shida yetu ni kupanda."

"Kishingo ina kupanda, na ina upande wa pili. Upande wa pili mtashuka na nini, na sala? Gari bila breki ni jiwe. Au unataka nikae kimya, nije kuvaa nyeusi?"

"Sitaki."

"Basi ndiyo?"

"Ndiyo, dada."

Anasia akaleta diski mpya, pedi mpya na matairi yanayong'ata tope. Akafunga mwenyewe, akamwambia Lekule ashike tochi na afunge mdomo. Tochi aliishika.

Wa tatu kuja alikuwa Mjomba Oforo, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mitambo ya kupoza maziwa na ambaye hadi leo haamini kitu chochote cha moto, pamoja na chai. Akaweka kiganja juu ya injini, akakitoa haraka.

"Mpwa wangu, tabo inaikandamiza hewa. Hewa ikikandamizwa inapata moto. Na hewa ya moto ni kama uji wa moto, huwezi kunywa mwingi kwa mkupuo. Huyu Lekule amekuongezea uji. Nani atakupozea?"

"Mjomba, kwani haitoshi?"

"Gari bila ubaridi ni jiko. Unataka kupeleka jiko ukweni?"

"Sitaki, Mjomba."

"Basi ndiyo?"

Elinami alitaka kusema hapana. Lakini nani huko mlimani amewahi kumwambia mjomba hapana, mjomba akiwa ameshaingia na mzigo mkononi? Akasema ndiyo. Mjomba Oforo akakata bampa la mbele, akaweka intakula kubwa, lile bati la mapezi linalopoza hewa ya tabo kabla haijaingia kwenye injini, akaliunganisha kwa mabomba marefu ya mpira.

Mvua zikapungua. Siku ikafika. Mama yake Elinami akaleta pipa la mbege lililochacha vizuri. Akasema mfuniko usikazwe, kwa sababu mbege inapumua, na mtu akiinyima pumzi itaitafuta yenyewe. Buti lilikuwa limejaa ndizi, kwa hiyo pipa likakaa kiti cha nyuma, kama bibi harusi, Lekule upande mmoja na Mjomba Oforo upande mwingine. Anasia alikaa mbele. Elinami akashika usukani. Wote watatu walikuwa wamekataa kubaki. Kila mmoja alisema anakwenda kulinda kazi yake.

Wakafika Kishingo. Elinami akakanyaga mafuta, na gari likapanda. Halikuhema, halikusita. Lilinguruma mpaka watu waliokuwa wakipalilia kahawa wakasimama wima na majembe yao.

"Mmesikia?" akauliza Lekule.

"Wamesikia hata waliokufa," akasema Anasia.

Mshale wa joto ukabaki katikati. Mjomba Oforo akauonyesha kwa kidole. Pale waliposimama safari ya kwanza walipapita. Pale waliposimama mara ya pili walipapita. Elinami akaanza kupiga mluzi.

Zikiwa zimebaki kona chache kufika kileleni, kukasikika kishindo chini ya boneti. Puu. Nguvu zikaisha. Moshi mweusi ukatoka nyuma, na gari likawa linatambaa.

Wakashuka. Bomba moja la mpira la intakula lilikuwa limechomoka.

"Ni mabomba yako, Mjomba," akasema Lekule.

"Ni presha yako," akasema Mjomba Oforo. "Bomba langu lilikuwa limetulia mpaka ulipolipulizia kimbunga."

"Jua halitulii," akasema Anasia. "Nani ana kitu cha kufungia?"

Wakatafuta. Waya hapakuwa. Kamba ya mgomba iliungua mara tu ilipogusa injini. Basi Mjomba Oforo akashusha pumzi, akafungua mkanda wa suruali yake, mkanda wa ngozi aliopewa alipostaafu. Akauzungusha kwenye bomba, akaukaza kwa meno na bisibisi. Bomba likashika. Tangu hapo, mkono wake wa kushoto ulikuwa na kazi moja tu, kushika suruali.

Wakafika kileleni. Upande wa pili ukaanza, mteremko wa tope jekundu mpaka kwa Mzee Kilawe.

Naye Mzee Kilawe, kule chini, aliusikia ule mngurumo. Akadhani ni lori limekatika breki. Akatoka mbio kwenda kuwaondoa watoto njiani, na kwa haraka yake akasahau kwamba mkononi amemshika mbuzi wa siku ile, beberu. Watoto walipisha. Beberu hakupisha. Aliweka miguu minne katikati ya njia, akagoma, na Mzee akabaki anavuta kamba.

Elinami akakata kona ya mwisho, akamwona baba mkwe wake katikati ya njia.

Akakanyaga breki.

Matairi yaling'ata tope. Gari halikuteleza kulia, halikuteleza kushoto. Lilisimama pale pale. Beberu akanyoosha shingo akanusa intakula.

Lakini mbege haina breki. Ilipanda ndani ya pipa, ikasukuma mfuniko, ikamwagikia kichwani kwa Lekule, ikashuka mabegani, ikaishia viatuni. Pipa lililokuwa limejaa likabaki nusu.

Mzee Kilawe akavuta pumzi, akaikaza kamba ya beberu. Kisha akagonga boneti kwa fimbo yake.

"Kijana, ulikuja kuniposea binti au kunirithi?"

"Kuposa, Baba. Shikamoo."

"Marahaba. Leteni hiyo iliyobaki."

Wakaingia uani. Jua lilikuwa bado halijafika utosini. Mzee akachota kata, akaonja. Elinami alilitazama lile koo likipanda na kushuka. Mzee akachota tena, na mtu hachoti siki mara mbili.

"Imefika hai," akasema. "Ni kidogo, lakini hai."

Wanawake wakapiga vigelegele. Beberu, aliyenusurika gari, hakunusurika kisu. Nyama ikachomwa. Kidari kikawekwa peke yake juu ya jani la mgomba, kikapelekwa mbele ya Elinami.

"Katika ukoo huu," akasema Mzee Kilawe, "kidari ni cha aliyewafikisha. Mchumba ndiye humtaja. Anayekila anakuwa mtu wa nyumba yenu. Mkigombana, anaitwa yeye. Akisema, mnasikiliza. Mpaka mzeeke. Na hukipokea kwa mikono miwili."

"Baba," akasema Elinami, "naweza kukikata vipande vitatu?"

"Kidari hakikatwi. Ugomvi wa mke na mume haupelekwi kwenye kamati. Na umtaje kabla mafuta hayajaganda. Yakiganda bila jina, posa inasubiri mwaka mwingine. Hatumpi binti mtu asiyejua kilichomfikisha."

Kule mlimani kuna baridi. Mafuta hayachukui muda.

Lekule akasogea, nzi wakimfuata kwa ile mbege. "Binamu, tusizunguke. Safari ya kwanza mlishindwa kupanda. Leo mmepanda. Kilichobadilika ni nini? Nguvu. Asiyepanda Kishingo hahitaji breki za kushukia. Na bomba lililochomoka halikuwa langu. Nami nimeoga mbege yako mbele za watu, sijalalamika."

"Nguvu yako ndiyo iliyochomoa bomba," akasema Anasia. "Na makelele yako ndiyo yaliyomtoa Mzee ndani. Elinami, jiulize. Nisingefunga zile breki, sasa hivi ungekuwa unaposa kwa nani? Kwa marehemu? Najua nimemwaga nusu ya pipa. Mbege inapikwa tena. Baba mkwe hapikwi. Na kama kuna anayesema mwanamke hali kidari, anionyeshe ndevu za kidari."

Mzee Kilawe akakohoa. "Hakuna aliyesema," akasema.

Mjomba Oforo akaja polepole, mkono wa kushoto kiunoni. "Mpwa wangu, mimi nina maneno machache. Bila ubaridi, nguvu ya Lekule ingewachemsha pale pale mlipochemka mwanzo, na breki za Anasia zingekuwa zimelishikilia gari lililokufa. Wao walitoa vyuma. Mimi nilitoa chuma, kisha nikavua mkanda wangu."

"Ukafunga bomba lako mwenyewe, Mjomba," akasema Lekule. "Aliyetoboa ndoo haombi shukrani kwa kuiziba."

"Na hata ukipewa," akasema Anasia, "kinapokelewa kwa mikono miwili. Ukikipokea, sisi tugeukie wapi?"

Ua mzima ukacheka, hata Mjomba Oforo, ila yeye alicheka kwa uangalifu.

Elinami hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu ya maisha yake. Akimtaja Lekule, kila nyumba itakapogombana atakuja mtu wa kusema ongezeni moto. Akimtaja Anasia, atakuja mtu wa kusema simameni hapo hapo. Akimtaja Mjomba, atakuja mtu wa kusema poeni kwanza, na hataondoka mpaka chai nayo ipoe. Na wawili atakaowaacha watarudi naye kwenye gari lile lile, wakipanda Kishingo wamenuna.

Akamtazama Haikaeli, aliyekuwa amesimama na mama yake mlangoni. Haikaeli akasogea kidogo, akasema kwa sauti ya chini:

"Chagua vizuri. Huyo ndiye atakayeitwa tukigombana. Na mimi, Elinami, nagombana."

Elinami akaliinua jani kwa mikono miwili. Pembeni mwa kidari, mafuta yalikuwa yameanza kuwa meupe. Lekule akajipangusa viganja. Anasia akanyoosha mikono. Mjomba Oforo akautazama mkono wake wa kushoto, akaitazama suruali yake, akawaza.

Elinami akafungua mdomo. Nasi tuliosikia hadithi hii hatukuambiwa jina alilolitaja, kwa sababu aliyetusimulia alifika hapo akanyamaza, akatugeukia, kama ninavyowageukia ninyi.

Mmoja alimpandisha, mmoja alimsimamisha, mmoja alimpoza. Mmoja alimleta Mzee njiani kwa makelele, mmoja alimwaga nusu ya pipa, mmoja alileta bomba lililochomoka. Kidari ni kimoja, hakikatwi, na mafuta yanaganda.

Je, nani alistahili?