Kikapu Kilichofika Peke Yake

Wanangu wa mkekani!
Tupo, leta!
Niilete mbichi au niilete imepikwa?
Imepikwa, tena ya moto!
Basi paukwa!
Pakawa!

Pakawa na mto, na ndani ya mto pakawa na mdomo. Mdomo huo ulikuwa wa Kiboko.

Kando ya mto aliishi Bi Kuchakulo, yule mnyama mdogo mwenye mkia kama ufagio. Sauti yake ilikuwa ndogo, hata akiita mtu hugeuka upande mwingine. Alikuwa na watoto watatu: Mbegu, Chenga na Pumba. Siku moja watoto wakavuka gogo kwenda kumsalimu bibi yao ng'ambo. Wakiwa huko, mvua ikanyesha milimani, mto ukafura, gogo likachukuliwa. Vuuu!

Basi watoto wako ng'ambo, na ghala la mtama liko huku kwa mama. Kule kwa bibi kulikuwa na mawe na majani makavu tu.

"Mama! Njaa!" waliita.

Bi Kuchakulo akajaza kikapu mtama, akaenda kwa Kiboko. Yeye ndiye aliyekuwa akivusha mizigo ya kila mtu.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Naomba univushie chakula cha wanangu. Na mimi nipande."

"Marahaba, binti. Wewe hupandi. Mgongo wangu unabeba mizigo, haubebi macho. Weka kikapu."

Kiboko akaingia majini. Chubwi, chubwi, chubwi! Alipofika katikati, akasimama kidogo. Tafu, tafu, tafu! Kisha akaendelea. Chubwi, chubwi!

Bibi akaita kutoka ng'ambo, "Mwanangu, kikapu kimefika! Lakini kimefika peke yake!"

Kiboko aliporudi, Bi Kuchakulo akamwuliza, "Mzee, mtama uko wapi?"

"Huo ni upungufu wa njiani, binti. Kila safari ina upungufu wake."

"Lakini umepungua wote!"

"Basi upungufu umekamilika," akasema Kiboko, akapiga mwayo.

Kesho yake, vilevile. Chubwi, chubwi. Tafu, tafu. Kikapu kikafika peke yake. Siku ya tatu Mbegu na Chenga bado waliita, lakini Pumba, yule mdogo, hakuita tena. Alikuwa amelala tu kifuani pa bibi. Bi Kuchakulo akaona, moyo ukamwuma.

Akasema, "Kulia hakuvushi mtama. Niende nikawaulize wanaobeba kila siku. Mizigo yao inafikaje?"

Akaenda kwanza kwenye kampuni ya Siafu. Aliwakuta wamepanga mstari, wabebaji katikati, askari wenye taya kubwa kulia na kushoto.

"Mama Siafu, mzigo wenu hauliwi njiani?"

"Una macho? Hesabu askari wangu! Anayelamba, tunamng'ata. Usiache mzigo bila mlinzi, mwenzangu. Haya, sogea, unatuzibia njia!"

Bi Kuchakulo akashukuru, akaondoka akisikitika. Mlinzi alikuwa ni yeye mwenyewe, na Kiboko alishakataa kumpandisha.

Akaenda kwenye kampuni ya Nyuki. Vuu, vuu, vuu, wanaingia, wanatoka. Mlangoni alisimama shangazi mmoja mnene, akimpokea kila mbebaji.

"Shangazi, wachukuzi wako hawamalizi utamu njiani?"

"Wamalize kwa nini? Wanajua nyumbani kuna raha. Mchukuzi akifika namfuta vumbi, namwimbia, namkaribisha. Mwenye kungojewa hachelewi, mwanangu."

Hilo Bi Kuchakulo akalitia moyoni.

Mwisho akaenda kwa Mzee Dundu, yule anayesukuma madonge ya kinyesi kwa miguu ya nyuma. Alikuwa peke yake njiani, hana askari, hana mlango, anasukuma huku akiimba.

"Mzee Dundu, hujawahi kuibiwa?"

Dundu akacheka mpaka donge likamponyoka. "Kuibiwa? Binti, angalia vizuri mzigo wangu, kisha uniulize tena."

Bi Kuchakulo akaangalia. Akanusa. Akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akacheka kwa mara ya kwanza tangu gogo lichukuliwe.

Akakimbia nyumbani. Akafunga mtama kwa majani ya mgomba, tabaka tatu. Juu yake akapaka kinyesi cha tembo, akaviringa, akaviringa, akapata madonge kumi makubwa. Akayapanga kikapuni, akaenda mtoni.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Maraha... Puh! Umeleta nini?"

"Kinyesi, Mzee. Bibi anataka kukandika nyumba."

"Sibebi!"

"Pole. Nilidhani ruba wa masikioni wanakusumbua."

Sikio la Kiboko likatikisika. Pata, pata!

"Ruba wamefanyaje?"

"Bibi ana kucha nyembamba. Ukifika tu, anakutoa ruba mmoja mmoja, na anakuimbia. Lakini ukifika, si kabla."

Kiboko akafikiri. Ruba wakamng'ata. Akaacha kufikiri.

Chubwi, chubwi, chubwi! Katikati hakusimama. Chubwi, chubwi, chubwi, mpaka ng'ambo! Kufika tu akamtegea bibi sikio, akadai atolewe ruba na aimbiwe. Bibi akamtoa ruba, akamwimbia, Kiboko akafumba macho kama mtoto anayeogeshwa.

Alipofumbua, akaona nini? Watoto wamenusa mtama, wanapasua madonge. Pwaa! Mtama. Pwaa! Mtama. Na Pumba amekaa, mashavu yamejaa, anatafuna.

"Haaa!" Kiboko akaachama. "Kumbe utamu wote unafichwa kwenye kinyesi!"

Kesho yake asubuhi Kiboko alipanda nyikani. Kila donge aliloliona, akalimeza. La tembo, gubu! La nyati, gubu! La Mzee Dundu, gubu, na Dundu mwenyewe akaponea kwenye nyasi, anamtukana. Jioni Kiboko akarudi mtoni, ulimi nje, tumbo linanguruma.

Akamkuta Bi Kuchakulo amekaa na kikapu cha mtama mtupu, mweupe, haujafunikwa hata kwa jani.

"Nini hicho?" akauliza kwa hofu.

"Aa, Mzee, leo nimegeuza. Juu nimeweka mtama, kinyesi kiko ndani. Onja kidogo."

"Thubutu! Mtoto wewe unadhani mimi mjinga? Weka mgongoni, na ukae mbali na mdomo wangu!"

"Na mimi nipande, nikizuie kisikumwagikie?"

"Panda! Panda upesi, ukishike!"

Chubwi, chubwi, chubwi! Kikapu kikafika kimejaa. Kikafika na mama. Pumba akamrukia shingoni, Chenga akamshika mkia, Mbegu akauliza kama mtama huo ni wa kula au wa kukandika. Bibi akamwita Kiboko alete sikio la pili.

Tangu siku hiyo mizigo yote ya mto huo huvuka wazi, bila kifuniko, na Kiboko haigusi. Kila mtu amwonaye, Kiboko humwambia, "Mimi ni mjuzi wa uchukuzi. Najua kilichomo ndani." Watu humwitikia, "Kweli, Mzee," nao humkuna masikio, maana ni mzee wetu, tutampeleka wapi?

Basi wanangu, ngano hii inatufundisha nini? Inatufundisha kukaa nyumbani, kutowauliza wenzetu kazi zao, na kutodanganya wazee hata siku moja. Mmesikia? Msicheke.

Ngano yangu nimeivusha.
Imefika!
Imefika nzima?
Karibu nzima!
Kilichopungua, muulizeni Kiboko.