Kiboko Alipotaka Kapu Lisiloonekana

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Pakawa na ghala!"
"Lijae!"
"Na tumbo la Kiboko?"
"Halijai!"

Basi hapo kale, lakini si kale sana maana kompyuta ilikwishafika, wanyama wa bondeni walikuwa na ghala moja la mtama wa mbegu. Magunia yote yaliandikwa kwenye majedwali ya kompyuta. Ukiiandikia amri, lango linafunguka, kriii, gunia linatoka. Lugha ya amri aliitunga Sange, yule panya mwenye pua ndefu. Mwenyekiti alikuwa Kiboko. Siku ya mgao, kila nyumba gunia moja, Kiboko alidamka kabla ya wote, roho inamuuma.

"Sange mwanangu, nataka magunia yote, na asione mtu!"

"Hilo dogo, Mwenyekiti. Tutumie kigeu."

"Kigeu ndiyo nini?"

"Jina la kubebea vitu kwa muda, kama kapu. Ukiandika ANZA, umefungua chumba. Ukiandika MWISHO, umekifunga. Kigeu kilichozaliwa chumbani, wa nje hakioni ng'o!"

Kiboko akacheka, ho ho ho! Hakuelewa hata chembe, ila hilo la wa nje kutoona alilielewa vizuri sana.

Sange akaandika, ta-ta-ta: ANZA, kapu TUMBO libebe magunia yote, MWISHO. Kiboko naye akaongeza kwa kidole cha mguu, du... du... du: NIPE TUMBO.

"Tii!" ikalia kompyuta. "TUMBO silijui."

"Hulijui? Si limejazwa sasa hivi! Sange, weka chumba ndani ya chumba!"

Ta-ta-ta. Du... du... du.

"Tii! TUMBO silijui."

"Weka vyumba saba!"

Ta-ta-ta. Du... du... du.

"Tii! TUMBO silijui."

Kiboko akachungulia chini ya kompyuta, akachungulia nyuma yake. Kichwa kilimzunguka.

"Magunia yamekwenda wapi?"

"Yamo ghalani, Mwenyekiti. Chumba kikifungwa, kapu linakufa."

"Mbona mimi mwenyewe silioni?"

"Ulitaka wa nje asilione. Na wewe, chumba kikishafungwa, si uko nje?"

Kiboko akafikiri mpaka masikio yakamwaka moto. Niko nje? Nje ya wapi, nami nimekaa hapa hapa? Huko nyuma wanyama walianza kufika, kila mmoja kwenye dirisha lake la ghala, lenye kioo cha kompyuta na vibonye vya kuandikia amri. Hofu ikamshika.

"Litangaze nje ya vyumba vyote!"

"Huko kila mtu ataliona, Mwenyekiti."

"Waone tu! Kuona si kula!"

Ta-ta-ta. TUMBO likatokea kwenye kila kioo, limejaa pomoni. Kiboko akainama kuitafuta herufi ya kwanza. Du...

Kicheche, ta-ta-ta: NIPE GUNIA MOJA LA TUMBO. Kriii! Nungunungu, ta-ta-ta. Kriii! Digidigi, ta-ta-ta. Kriii! Kila nyumba ikapata mbegu zake, na gunia la nyumba ya Kiboko akalipeleka huko Sange.

...du. Kiboko akamaliza kuandika.

"Tii! TUMBO ni tupu."

"Afadhali!" Kiboko akashusha pumzi. "Angalau safari hii imelijua."

Ngano naifungia hapa. Tamu yake mwende nayo nyumbani, chungu yake niachieni mimi. Na fundisho, wanangu, lishikeni: ukiwa mkubwa ficha kila kitu, kisha usahau ulikokificha, hapo hakuna wa kukuibia.