Kwa Nini Kila Menyu Ina Fungu la Nyinginezo

Zamani zile kompyuta zilipokuwa bado changa, hapakuwa na menyu mbili, yaani orodha za programu, zilizofanana. Katika mji mmoja wa milimani zilikuwapo karakana tatu zilizotengeneza ule uso wa kompyuta unaoukuta ukishaiwasha, na kila moja ilipanga programu ijuavyo yenyewe. Ya kwanza ilizipanga kwa herufi, ya pili kwa kazi, ya tatu kwa jina la aliyezitunga. Mtu akihama kompyuta, alikuwa mgeni hata kwa kazi aliyoizoea.

Aliyechoshwa zaidi na hali hiyo ni Tunu Shemdoe, mtunzi wa programu iitwayo Kipimo. Ukiiambia uzito wa mtoto, nayo hukuambia dozi ya dawa. Kila Tunu alipoirekebisha, ilimbidi aiandikishe upya katika karakana zote, kila moja kwa masharti yake. Akimaliza ya tatu, ya kwanza imeshabadilika. Macho yalimwasha, mgongo ukamkakamaa, naye akaendelea, maana wauguzi waliitegemea.

Ikawa muuguzi mmoja, Semeni, akahamishiwa zahanati nyingine, yenye kompyuta ya karakana nyingine. Akaletewa mtoto mwenye homa kali. Semeni alifungua menyu, akaitafuta Kipimo pale alipozoea, asiione. Akapanda, akashuka, huku mama mtu analia ubavuni pake. Mwishowe akakadiria dozi kwa kichwa. Homa ilishuka, lakini dawa iliyozidi ikaondoka na masikio ya mtoto, akawa kiziwi.

Semeni alimwendea Tunu, akamsimulia yote.

“Ilikuwamo, dada,” alisema. “Muda wote ilikuwamo. Sikujua tu wameiweka wapi.”

Tunu hakuwa na nguvu hata ya kukasirika. Aliwaita mafundi wakuu wa karakana zote tatu, wakaja, wakabishana hadi sauti zikawakauka.

“Binti yangu,” alisema Fundi Mbelwa, mkubwa wao kwa umri, “menyu ndiyo sura yetu. Wataka sote tuwe na sura moja?”

“La, baba. Bakini na sura zenu. Nataka kila programu ibebe kibandiko chake, kiseme ni ya aina gani, nanyi nyote mkisome hichohicho.”

Hilo walilikubali. Kazi ikawa kuzitaja aina. Ofisi, Michoro, Sauti, Mtandao, Michezo: kila neno liligombaniwa kama shamba la urithi. Walipoifikia Kipimo, wote walikuwa hoi. Mmoja akasema ni ya Elimu, wa pili Sayansi, wa tatu Ofisi, na wa tatu huyo akaanza kukusanya vitu vyake aondoke.

Tunu alilaza kichwa mezani. “Iwekeni popote,” alisema bila kukiinua. “Mradi pawe mahali pamoja.”

Yule fundi akaketi tena. Wakafungua fungu jingine, chini ya yote, wakaliita Nyinginezo, wakaitia Kipimo humo, wakaenda kulala.

Na tangu siku hiyo kila programu huzaliwa na kibandiko chake, na menyu zote hukisoma. Ndiyo maana hata leo, chini kabisa ya menyu, utalikuta fungu la Nyinginezo. Wasiojua hudhani ni jalala. Wauguzi wa milimani hushuka moja kwa moja hadi hapo, macho yao yakiwa kwa mtoto.