Kibuyu cha Ngiri Katika Mbio za Mlimani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakioana, wakijenga nyumba na kuendesha baiskeli (ndiyo, baiskeli, mbona mnacheka?), kila mwanzo wa kiangazi walifanya mashindano ya kupanda mlima. Walishindana wawili wawili. Wa kwanza kufika kileleni alikabidhiwa chemchemi ya huko juu, yeye na mwenzake, mpaka mvua irudi.

Miaka mitatu mfululizo chemchemi ilikuwa ya Nyati na Kifaru. Wao waliogelea humo kutwa, wadogo wakaachiwa tope.

Pimbi, yule mdogo anayeishi kwenye mawe, alikuwa na watoto sita. Asubuhi ya mashindano aliwachujia tope kwa kipande cha kanga. Wakanywa huku wamekunja nyuso, na baba yao moyo ukamuuma sana.

"Leo mtakunywa maji safi," akawaambia.

"Mwenzako ni nani?" mkewe akauliza.

"Ngiri."

"Ngiri! Huyu anayekimbia mpaka anasahau anakimbilia nini? Baba Sita, una akili timamu kweli?"

Pimbi akacheka tu. Akachukua kibuyu kitupu, akaenda kukifunga kwenye usukani wa baiskeli ya Ngiri.

Ngoma ikalia, ndi! Ngiri akachomoka mkia juu, krii-krii-krii, akaishilia vumbini.

Nyati wala hakushtuka. "Mwacheni. Kona ya tatu atasahau, ataanza kula majani."

"Hiyo zamani, mjomba," Pimbi akasema kwa upole. "Siku hizi ana dawa. Hukuona kile kibuyu? Akisahau, anapiga funda moja, anakumbuka. Nimemfungia mimi mwenyewe."

"Dawa!" Nyati akatoa macho. "Kifaru, tangulia, tumkamate!"

"Mwaka jana nilitangulia mimi. Leo zamu yako!"

"Mimi ndiye mkubwa!"

"Basi mkubwa akae mbele!"

Wakapiga pedali kwa hasira, puh! puh! Upepo wa mlima ukawapiga vifuani, vuuu! Na Pimbi je? Alikuwa kajibanza nyuma ya makalio ya Nyati, mahali ambapo hata sharubu zake hazikutikisika. Alipanda taratibu, anapiga mluzi kimoyomoyo.

"We Pimbi!" Nyati akafoka. "Unafaidi tu huko nyuma! Njoo mbele utukingie upepo na wewe!"

"Jamani, mjomba! Nimfukuze mwenzangu mwenyewe? Mke wake atanionaje?"

Nyati akainamisha pembe, akaongeza mwendo. Kona ya tatu, hakuna Ngiri. Kona ya nne, hakuna Ngiri.

"Dawa kali hiyo," Kifaru akahema, ulimi nje.

Kona ya tano, huyo hapo! Ngiri kalaza baiskeli chini, kapiga magoti, anatafuna majani, kwata-kwata.

Nyati na Kifaru wakafunga breki. "Vipi? Dawa imekwisha?"

"Dawa gani?" Ngiri akauliza, mdomo umejaa. "Hivi nilikuwa naenda wapi vile?"

Kifaru akakinyakua kibuyu, akakipindua. Halikutoka hata tone.

"Pimbiii!" Nyati akageuka nyuma. Nyuma hapakuwa na mtu. Kengele ya baiskeli ikalia juu kule, karibu na kilele, kring'i-kring'i!

"Ahsante kwa kunikingia upepo, mjomba!"

Nyati akarukia baiskeli. Miguu ikagoma. Akaanguka, puu! Kifaru naye akamwangukia juu, puu!

Mama akawapandisha watoto sita kileleni, wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma, kisha wakaanza kurushiana maji. Pimbi aliwatazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akatangaza kwamba chemchemi ni ya wote, kwa zamu. Zamu ya Nyati ikaja baada ya ukoo mzima wa panya, na mnajua panya walivyo wengi.

Ngiri naye akafika, polepole, anasukuma baiskeli yake.

"Kumbe leo kuna sherehe! Nani ameshinda?"

"Mimi na wewe," Pimbi akamjibu, akamjazia kibuyu maji.

Ndiyo hivyo, wanangu: asiyevumilia kutanguliwa hata hatua mbili, pumzi humwishia kabla hajafika.