Furushi Lililokaa Miezi Mitano

Leo mtanivumilia, maana nimekuja na hasira. Wenye sababu ya kujishuku watajijua kabla sijamaliza. Nawapa mfano, na nimeutunga mwenyewe, kwa hiyo mtu asinifuate mlangoni kuniuliza shule hiyo iko wilaya gani.

Kulikuwa na mwalimu mmoja, mwanamama, aliyefundisha wasichana wawili wasioona. Wako darasa la saba. Vitabu vya nukta nundu, vile vya kusoma kwa vidole, shule nzima ilikuwa navyo vitatu, na kimoja kimeliwa na panya. Mwalimu mkuu akamwambia waziwazi: "Mwalimu, hawa hawana cha kusomea. Mtihani wa majaribio wa mwezi wa sita, atakayeshindwa mzazi wake aje amchukue."

Sasa pale ofisini palikuwa na kompyuta ya msaada, inayotumia mfumo wa Linux. Vitabu vyote vya darasa la saba vilikuwemo ndani yake, lakini vya kusoma kwa macho. Mwalimu akasikia kuna programu ya bure inayoifanya kompyuta isome kwa sauti, kwa Kiswahili hikihiki chetu. Mwezi wa pili akaipakua kutoka mtandaoni. Ilikuja kama furushi: faili moja lililofungiwa mafaili mengi ndani, kama mtu anavyofunga nguo zake kwenye khanga. Akalifungua, akaandika amri ya kusakinisha, yaani kuiweka ndani ya kompyuta ifanye kazi, vile alivyoambiwa na jirani yake. Kompyuta ikamjibu maneno mawili tu: Ruhusa imekataliwa.

Mnayajua maneno hayo? Si mnayajua! Humu ndani kuna watu wameyasikia tangu wazaliwe.

Nywila ya kompyuta ile, lile neno la siri la kumruhusu mtu kubadili mambo ndani yake, alikuwa nayo mtaalamu mmoja wa wilayani. Mwalimu akampigia simu.

"Kaka, habari ya kazi. Naomba nywila niweke programu ya watoto wangu."

"Mwalimu, nywila haitolewi ovyo. Mashine hiyo iko chini yangu. Andika barua, ipitie kwa mwalimu mkuu."

Akaandika. Mwezi wa tatu, kimya. Akaandika ya pili, akaambiwa mtaalamu yuko semina. Akaandika ya tatu, mwezi wa tano ikajibiwa: imepokelewa. Imepokelewa, jamani! Na furushi liko palepale kwenye kompyuta, na wale wasichana wanapapasa kitabu kilicholiwa na panya. Mtihani wa majaribio ukaja, ukapita.

Mwezi wa saba yule mama akachoka. Akaketi mbele ya kompyuta, na safari hii akaanza na faili dogo lililokuwa mle ndani ya furushi, limeandikwa NISOME KWANZA. Nani kati yenu husoma maelekezo? Mnanunua simu, karatasi yake mnafungia vitumbua! Yeye naye hakuwa amesoma, alimtegemea jirani. Mstari wa nne uliandikwa hivi: Kama wewe si msimamizi wa mashine hii, huhitaji ruhusa yake. Sakinisha kwenye folda yako, yenye jina lako. Na chini yake amri, moja tu.

Mliopanga nyumba mtanielewa. Kubomoa ukuta, lazima umuulize mwenye nyumba. Kuinjika chungu chako chumbani mwako, unamuuliza nani?

Akaandika ile amri. Hakuulizwa nywila. Baada ya dakika mbili kompyuta ikaanza kusoma kitabu cha sayansi, ukurasa wa kwanza. Msichana aliyekuwa kando yake akaishika meza kwa mikono miwili, akasema, "Mwalimu, inasoma! Mwalimu, isiache, iambie iendelee!"

Habari zikafika wilayani. Mtaalamu, ambaye barua tatu hazikumtoa ofisini, siku hiyo alifika kabla ya saa nne. "Nani amekuruhusu kuweka kitu kwenye mashine yangu?"

Mwalimu hakusimama. "Mashine yako ipo. Nimeweka kwenye folda yenye jina langu, kwako sijagusa. Ukitaka kuifuta, ifute sasa hivi mbele ya mtoto huyu, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwa nini."

Mtaalamu hakuifuta, akaenda zake.

Ngojeni! Msipige makofi. Mnapenda makofi ninyi. Hamjaona kitu? Nimesema msichana. Mmoja.

Mtaalamu alipoondoka, yule msichana akauliza, "Mwalimu, hayo maelekezo yameandikwa juzi?"

"Hapana, mwanangu. Yalikuja na furushi."

"Na furushi lilikuja lini?"

"Mwezi wa pili."

Msichana akasema, "Mwezi wa pili tulikuwa wawili."

Watu wote wa mfano huu nimewaacha bila majina. Huyu aliyekosekana nampa jina: Tusekile. Alishindwa mtihani wa majaribio, baba yake akaja na baiskeli, akampakia na sanduku lake. Aliyemnyima mwalimu nywila ni mtaalamu. Lakini miezi mitano, nani alikuwa amekalia mstari wa nne?

Ndipo nawageukia ninyi, na mimi nikiwemo. Sisi ni watu wa kusubiri. Mgonjwa wa nyumba ya tatu tunamsubirishia kamati ikae. Kumpatanisha kaka na kaka tunasubiri ukoo uitishe kikao. Kibali cha kumpelekea mtu uji ulikiona wapi? Mungu amekupa mikono, amekupa na mlango wako. Unamwandikia nani barua?

Na msidhani nimesimama huku juu kuwapiga mawe. Humu kuna watu wazima wanaoshika kitabu cha nyimbo kichwa chini miguu juu, na tunawaona. Mama mmoja aliniomba nimfundishe kusoma, asome mwenyewe barua za binti yake. Nikamwambia, ngoja, mama, nimeomba kibali cha darasa kwa wakubwa wa kanisa. Nimeandika barua tatu. Mama yule tulimzika mwezi wa nane. Na sebuleni kwangu kuna viti kumi na viwili, miaka yote hiyo.

Sisubiri tena. Jumatano saa kumi jioni mlango wangu uko wazi, njooni na daftari. Wakubwa wakiuliza nani ametoa ruhusa, waambieni waje wenyewe waulize, watatukuta tumefika herufi ya pili.